Kivuli Kilichokataa Kupungua

Msikilizaji, kabla sijaanza nina ombi dogo. Kama una kanga karibu, ivute uiweke magotini. Kama huna, ikumbuke tu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maneno yanayomfanya mtu anunue doti nzima ili amjibu jirani bila kufungua mdomo. Ishike hapo hapo, tutairudia.

Nina kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi za kudizaini pembeni ya ajira yangu: kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi, mabango ya semina. Siku moja akaja mama mmoja, mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kikundi kilikuwa kinatimiza miaka 10. Nikawatengenezea bango la A2, yaani karatasi ya milimita 420 kwa 594. Jina la kikundi likakaa juu kwa herufi nene za kijani zenye kimo cha milimita 28, zimezungushiwa ukingo mweupe, na nyuma yake nikatia kivuli laini kilichoshuka chini kwa milimita 7. Mama alipoliona akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Maneno yanaelea haya!" Mimi nikavimba kichwa.

Baada ya wiki akarudi. "Mwanangu, tunataka na kadi za mwaliko. Bango lile lile, usibadilishe kitu. Lipunguze tu."

Msikilizaji, hilo neno "tu" ndilo lililonileta hapa leo.

Kadi ilikuwa ya A6, milimita 105 kwa 148. Kila upande ni robo ya upande wa bango. Hesabu nyepesi kabisa. Nikateua kila kitu kwenye ukurasa, nikaandika asilimia 25, nikabonyeza Enter. Kazi ikasinyaa mbele ya macho yangu, ikatulia kwenye ukubwa mpya. Kwenye skrini ilionekana ndogo na nadhifu, sikuisogeza karibu kuitazama. Nikaipeleka kwa mchapaji. Kesho yake jioni mama akaja ameshika pakiti ya kadi 200, akachomoa moja, akaniwekea mezani. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mwanangu, mbona hii ina moshi?"

Nikaitazama. Herufi zilikuwa zimepungua sawasawa, kutoka milimita 28 hadi 7. Kivuli nacho kilipaswa kupungua, kutoka milimita 7 hadi moja na robo tatu. Kilikataa. Kilibaki na milimita zake 7 zile zile. Sasa piga picha kichwani: herufi ina kimo cha milimita 7, na kivuli chake kimeshuka milimita 7. Kivuli kimetoka chini ya herufi kabisa, kimesimama peke yake mstari wa pili, kama neno jingine lililoloweshwa na mvua. Ule ulaini wake, uliopendeza sana kwenye bango, hapa ulikuwa umetambaa hadi kwenye tarehe na mahali pa sherehe. Ukingo mweupe nao haukupungua. Ukingo wa namna hiyo kwa kawaida hukaa nusu nje ya herufi na nusu ndani, kwa hiyo ulizila herufi kutoka ndani hadi nguzo zake zikabaki nyuzi. Kijani nilichokuwa najivunia hakikuonekana tena.

Kadi 200 nikazilipia mimi. Ada ya shule, ndivyo nilivyoihesabu.

Basi tuulizane, kilichotokea ni nini? Wengi tunadhani kompyuta ikikuza kitu inafanya kama macho yanavyofanya, kitu kizima kinakuja karibu au kinakwenda mbali. Kwenye programu za kupanga kurasa sivyo. Herufi kwenye programu hizo ni umbo la kihesabu, ni mistari na mapindo yenye vipimo. Ukisema asilimia 25, vipimo vyote vya umbo vinazidishwa kwa robo. Madoido hayamo ndani ya umbo. Kivuli, mng'ao, kingo zilizofifishwa, sura ya kunyanyuka kama muhuri, yote hayo ni maagizo yaliyobandikwa pembeni ya umbo: chora kivuli, kisogee milimita hizi, kiwe laini kiasi hiki, kikolee kwa asilimia hizi. Ukipunguza umbo, programu inabaki na swali mkononi. Na hizi milimita zilizo kwenye maagizo, nizipunguze pia, au niziache kama mwenyewe alivyoziandika?

Jibu la swali hilo limefichwa kwenye tiki moja ndogo. Ndani ya InDesign ya Adobe utaikuta katika mapendeleo ya jumla, sehemu inayoeleza kitu kikikuzwa kiwe vipi. Pana kisanduku cha unene wa mistari, na pana kingine cha madoido. Illustrator, ya kampuni hiyo hiyo, imeviunganisha viwili hivyo kuwa tiki moja. Photoshop ina amri yake ya kukuza au kupunguza madoido ya leya kwa asilimia unayotaka. CorelDRAW, ambayo watu wengi wa mabango na mihuri wanashinda nayo kutwa, ina tiki yake kwenye dirisha la kalamu ya ukingo. Affinity inaiweka tiki hiyo kwenye madoido ya kila kitu peke yake. Majina na mahali ni tofauti, swali ni lile lile.

Tazama pia namba zinazoletwa na programu yenyewe kabla hujagusa chochote. InDesign ilitoka mwaka 1999, na kivuli kikaingia kwenye toleo lake la pili mwaka 2002. Ukikiwasha leo bila kubadilisha kitu, kinasogea pointi 7 kulia na pointi 7 chini, na ulaini wake ni pointi 5. Pointi 72 zinafanya inchi moja, kwa hiyo pointi 7 ni kama milimita mbili na nusu. Unene wa sarafu, hivi. Kwenye kichwa cha habari cha ukurasa wa A4 kivuli hicho kinakaa vizuri. Kwenye kadi ya jina unayotoa mfukoni ni dude, kinawazidi wenye nyumba. Kwenye bango la mita tatu linaloning'inia barabarani hakuna dereva atakayekiona. Kivuli hakikubadilika. Kilichobadilika ni jirani zake.

Sasa najua kuna kijana ananisikiliza hapo kwenye duka la steshenari anasema, mzee, si tupige tiki kila mahali, tulale? Hapana. Subiri kidogo.

Chukua kalenda ya shule. Ukurasa una picha sita za wajumbe wa bodi, zote ukubwa mmoja, zote zina kivuli kile kile, zinaonekana kama picha zilizowekwa juu ya meza. Mwenyekiti anasema yake ikuzwe, yeye ni mwenyekiti. Unaikuza hadi asilimia 150. Kama tiki ya madoido ipo, kivuli chake nacho kinakua, kinakwenda mbali zaidi na kinakuwa laini zaidi ya vile vitano. Jicho la msomaji halitasema "kivuli kimekua." Litasema picha hii imeinuliwa kutoka mezani. Kwa sababu kivuli, msikilizaji, kazi yake ni kutuambia kitu kiko juu kiasi gani. Shika kiganja chako karibu na ukuta, taa ikiwa nyuma yako: kivuli ni kikali na kimekaribia. Kivute kiganja kije huku: kivuli kinatanuka, kingo zinalegea. Kwenye kalenda yetu wajumbe watano wamelala mezani, mwenyekiti yeye anaelea hewani. Hukukusudia kusema hivyo, ingawa pengine wajumbe watano watacheka.

Hapo tiki inatakiwa iondolewe. Picha ikue, kivuli kibaki sawa na cha wenzake, maana meza ni moja na taa ni moja. InDesign hata ina mpangilio wa kulazimisha nuru moja kwa ukurasa wote, ili pembe ya mwanga isigongane kati ya kitu na kitu.

Kwa hiyo kanuni yangu, niliyoilipia kadi 200, ni hii. Ukikuza au kupunguza kazi nzima, madoido yaende pamoja na kazi. Ukikuza kitu kimoja miongoni mwa wenzake, madoido yabaki yalipo. Ndiyo maana waliounda programu hawakutuchagulia wakanyamaza. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa siku yake, na programu haiwezi kujua leo ni siku gani.

Sasa turudi kwenye kanga yako. Tuseme mtu anataka kanga ya mtoto wa miaka minne, iwe kama ile ya mama yake ila ndogo. Pindo litapungua pamoja na nguo, la sivyo litameza mji wote. Tuseme mwingine anaitaka nguo ile ile ya ukubwa wa kawaida, ila ua la katikati liwe kubwa zaidi. Pindo halihusiki, linabaki na upana wake. Na jina je? Jina lina sheria yake peke yake. Hata nguo ipungue vipi, lazima jirani aweze kulisoma kutoka ng'ambo ya ua. Likipungua kwa uaminifu hadi lisisomeke, kanga imekuwa bubu. Fundi wa kanga angetofautisha mambo haya matatu bila kuambiwa. Sisi wa kompyuta tunateua vyote, tunaandika asilimia, tunabonyeza Enter.

Na kwa kuwa tumelitaja jina, tuzungumze kidogo kuhusu maandishi, maana hapo nako kuna mtego. Kukuza maandishi kuna njia tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuvuta fremu, yaani sanduku linaloshika maneno. Kwenye InDesign ukivuta kona ya fremu bila kushika kitu, sanduku linatanuka lakini maneno yanabaki na saizi yake, yanajipanga upya tu. Ukishika vitufe vya Ctrl na Shift ukivuta, maneno yanakua pamoja na sanduku, na uwiano unahifadhiwa. Ya pili ni kubadilisha saizi ya fonti yenyewe, kutoka pointi 12 kwenda 24. Ya tatu ni kunyoosha: kuvuta upande mmoja kuliko mwingine mpaka neno lijaze nafasi.

Ya tatu ndiyo inayoharibu sura za mitaa yetu. Wanaokumbuka WordArt ya zamani kwenye Word wanajua: ulivuta kisanduku, na maneno yakanyooka kama ubani mdomoni. Word ilibadilisha tabia hiyo kuanzia toleo la 2010, lakini mkono wa mtu hausahau haraka. Tazama herufi O iliyovutwa kwa upana. Kuta zake za kulia na kushoto zimenenepa, lakini paa na sakafu yake ziko vile vile. Fundi aliyeichora fonti alizipima kuta na paa zipatane. Wewe umepanua nyumba kwa kunenepesha kuta mbili. Kama neno halienei, tafuta fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, au punguza maneno. Kupunguza maneno hakuna gharama.

Wazee wa uchapaji walilijua hili kwa mikono. Zama za herufi za risasi, mchonga herufi kama Claude Garamond, pale Paris katika karne ya 16, alichonga kila saizi peke yake. Herufi ndogo hakuipata kwa kuisinyaza kubwa. Aliifanya iwe pana kidogo, nene kidogo, yenye nafasi zaidi kati yake na mwenzake, ili isizibwe na wino na isichoshe macho. Gazeti la Msimulizi lilipoanza kuchapwa Zanzibar mwaka 1888, lilikuwa bado zao la ulimwengu huo, kila saizi ya herufi ina trei yake. Lakini tayari mwaka 1885 huko Marekani, Linn Boyd Benton alikuwa amepata hataza ya mashine ya kuchonga herufi, iliyowezesha mchoro mmoja kutoa saizi nyingi. Kompyuta ikamalizia: mchoro mmoja, saizi zote, kutoka maelezo ya dawa hadi bango la uchaguzi. Tulipata wepesi, tukapoteza jicho la mchongaji. Mwaka 2016 Adobe, Apple, Google na Microsoft wakatangaza kwa pamoja fonti badilifu, na baadhi ya fonti hizo zinaweza kujinenepesha zenyewe zikiwa ndogo na kujipunguza zikiwa kubwa. Imechukua zaidi ya karne moja kuirudisha hekima ya trei.

Kuna na hesabu moja inayowaumbua wengi, nayo haihusu kivuli. Mteja anasema kazi ya A4 iwe A3. Dizaina anafikiri: A3 ni mbili za A4, basi weka asilimia 200. Karatasi inafurika. A3 ni mara mbili kwa eneo, lakini kila upande umefika asilimia 141 tu ya ule wa mwanzo. Ukiweka 200 umefika A2, ambayo ni A4 nne. Mfumo huo ulipangwa Ujerumani na Walter Porstmann, ukawa kiwango cha nchi hiyo mwaka 1922, na uzuri wake ni kwamba ukiikunja karatasi katikati sura inabaki ile ile. Ndiyo maana mashine nyingi za fotokopi zina kitufe cha asilimia 141 na kingine cha 71. Namba hizo mbili si za ajabu. Ni A4 kwenda A3, na A4 kwenda A5.

Picha nazo zina deni lake. Picha yenye pikseli 300 kwa kila inchi, ukiikuza hadi asilimia 400, inabaki na pikseli 75 kwa inchi. Pikseli hazizaliani, zinatandazwa tu. Kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara huenda ikatosha. Kwa kadi iliyo mkononi haitoshi.

Na tafadhali, msimbo wa QR wa lipa namba usiutie madoido yoyote. Kivuli juu yake, mng'ao pembeni yake, au kuuvuta upande mmoja ili ujaze nafasi, ni kumfukuza mteja aliyekwisha kutoa simu mfukoni. Msimbo huo unahitaji uwanja mtupu kuuzunguka, wenye upana wa miraba yake midogo minne kila upande, na uwanja huo upungue na kuongezeka pamoja nao. Misimbo ya mistari ya bidhaa dukani nayo ina mipaka: ile ya EAN ya tarakimu 13 inaruhusiwa kati ya asilimia 80 na 200 ya ukubwa wake wa kawaida. Chini ya hapo, mashine ya kaunta haina lawama.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wanazungumzia vyombo vya baharini, lakini herufi za yule mama nazo zilielea kwenye bango, nazo ziliundwa: kwa umbali wa kivuli, ulaini wake na unene wa ukingo, vyote vikipatana na kimo cha herufi. Niliponyofoa kimo peke yake, chombo kikazama.

Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi hizi, na wewe unayezipeleka kwa fundi, nawaomba mambo mawili. Fundi, kabla ya kuandika asilimia yoyote, fungua mapendeleo ujue tiki zako zimekaaje, kisha sogeza skrini karibu utazame herufi moja, si ukurasa mzima. Mteja, usiseme "lipunguze tu." Omba uchapiwe nakala moja kwa ukubwa wake halisi, uishike kwa umbali ambao mgeni wako ataishika, uisome mwanzo hadi mwisho. Ukiridhika, ndipo useme zichapwe mia mbili.